Chumba cha Chiriku

6 Oktoba

Mwanangu,

Kalamu nimeishika kabla sijaosha mikono, kwa hiyo ukikuta sufi imenata kwenye karatasi usishangae, ndiyo kazi inayotulisha. Hatujambo. Shangazi yako goti linamsumbua lakini mdomo hauna shida hata kidogo. Jana alinisema kutoka kibarazani kwake mpaka nikavuka nikaenda kukaa karibu, maana maneno mengine yalikuwa yananipita. Magodoro ya kushona yapo, vumbi lipo, kikohozi changu ni kile kile cha siku zote usianze kukiulizia. Binti yako Chiriku anasoma vizuri na anaongea hata akiwa na mswaki mdomoni.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu unanikatia halafu unasingizia mtandao. Barua utaisoma mpaka mwisho.

Sasa hilo jambo lako. Umesema shule zikifunguliwa Januari binti yako aje akae na wewe, kwamba amekuwa mkubwa na usipomchukua sasa atakua hakujui. Mimi sikukatalii. Mtoto ni wako. Mama yake alipofariki ulimleta hapa akiwa anatambaa, tukakubaliana nikulelee mpaka upate nyumba yenye chumba cha pili. Nyumba umepata, chumba cha pili kipo. Sina neno.

Ila hicho chumba. Umeandika kwa mkono wako kwamba ni kidogo, kwamba ulikuwa unaweka ndoo za rangi, na kwamba dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Baba, mtoto analala na ndoo? Na dirisha linalotazama ukuta ni la kazi gani, si bora lingezibwa tukajua moja? Huyu mtoto amezoea chumba ambacho jua likichomoza linamfuata kitandani. Akilala penye giza anaamka analia, na hasemi kinachomliza mpaka umshike mgongo, taratibu, umwache anyamaze mwenyewe. Hayo huyajui. Wewe unamjua yule wa sikukuu, ameshavalishwa gauni na kuchanwa nywele.

Kwa hiyo kwanza kifanye chumba kiwe na mwanga. Halafu kitulie, mtoto akiingia roho yake ishuke. Ukimaliza niandikie, niangalie kama kinafaa.

Na ule chakula. Kupaka rangi na njaa ndiko kunakokutia kizunguzungu huko juu.

Mama yako


20 Oktoba

Mama, shikamoo.

Barua nimeifungua kazini, sufi ikanipanda puani, nikapiga chafya mbele ya tajiri wangu aliyekuwa ananieleza jambo zito. Mimi ni mzima. Tunapaka jengo la ghorofa, nashinda juu ya jukwaa shingo imegeuka upande mmoja kama ya kuku anayesikiliza. Mpe pole shangazi. Kikohozi sikiulizii, ila ile barakoa niliyokutumia siyo ya kupamba ukuta.

Ndoo zote zimehamia uani. Kuta nimezikwangua, nikaziba nyufa, nikapiga msasa mpaka zikawa laini. Dari nyeupe, mikono miwili ya rangi. Kuta nyeupe, mikono miwili. Mlango ulikuwa unalia ukifunguliwa, nimetia bawaba mafuta, sasa unafunguka bila kumwamsha mtu. Mama, kufanya vyumba viwe na mwanga ndiyo kazi yangu. Watu hunifuata mbali niwapakie vyumba vyao. Kwa hiyo lala usingizi.

Swali langu ni moja. Chiriku anapenda rangi gani? Nilimuuliza kwenye simu akasema anapenda zote, halafu akanihadithia habari za paka mpaka salio likaisha. Wewe unakaa naye. Niambie anapenda nini, nikiweke chumbani akikute.

Mwanao


8 Novemba

Mwanangu,

Barua yako ilikaa kwa dereva wa basi wiki nzima, anasema alisahau kwenye mfuko wa suruali. Bahati yake mkewe hafui mara kwa mara. Sisi wazima. Shangazi ameanza kutembea na fimbo, na sasa ana kitu cha kunyooshea watu.

Nyeupe, baba? Kuta nyeupe na dari nyeupe? Mtoto akifumbua macho si atadhani amelazwa? Umesahau alivyomng'ata muuguzi siku ile ya sindano. Chumba cheupe kitamkumbusha yule muuguzi, na wewe ndiye utakayeng'atwa. Paka njano. Siyo njano ya uoga, njano ya kiini cha yai, chumba kicheke. Njano ndiyo rangi anayoipenda, nimekaa naye najua.

Halafu utulivu. Uliwahi kuniambia nyuma ya nyumba yenu kuna seremala. Seremala ana msumeno. Msumeno unapiga kelele. Chiriku akisikia kelele ya ghafla anaruka. Ndiyo, najua kelele nyingi ni zake mwenyewe, lakini zake amezizoea.

Na kitanda kina ukubwa gani? Godoro nitamshonea mimi. Sitaki yale ya dukani, unalalia ubavu unaamka na joto la mwaka mzima. Nipe kipimo.

Nilikuwa namsimulia shangazi yako haya yote, akaniuliza, "Wifi, unamtengenezea mtoto chumba au unamtafutia sababu?" Nikamwambia ahangaike na goti lake.

Mama yako


24 Novemba

Mama, shikamoo.

Natumaini barua hii dereva ameiweka mahali pengine, siyo suruali. Mimi mzima, ile ghorofa tumemaliza nje, tumeingia ndani, shingo imerudi mahali pake. Msalimie shangazi na fimbo yake.

Nimepaka njano. Njano ya kiini cha yai, kama ulivyotaka, nikijua kabisa kwamba chumba kidogo hakibebi rangi kali. Nilipomaliza nikakaa ndani. Mama, nilijiona nimo ndani ya yai na kuku amelala juu yangu. Kichwa kiliuma. Mwenzangu wa kazi aliingia kutazama, akatoka amefunika macho kwa kofia.

Nikampigia Chiriku kumwuliza kama kweli ni njano aipendayo. Akacheka. Akasema, "Baba, njano ni ya Bibi. Gauni lake la safari si la njano?" Nimeirudia nyeupe, nikaichanganya na tone dogo la njano ili kuta zisiwe na ubaridi. Maziwa, siyo hospitali. Tafadhali tusiifungue tena hoja ya rangi.

Seremala nimezungumza naye. Ameuhamishia msumeno upande wa barabara, na amekubali kutoukata ubao mtoto akiwa bado amelala. Aliniuliza kama ninayemleta ni binti wa mfalme. Nikamwambia ni mjukuu wa mama yangu, na huo ni mzigo mkubwa zaidi.

Sasa nikwambie ukweli maana hata nisipokwambia utaunusa. Chumba bado kina giza. Rangi haizai mwanga, inaurudisha ule ulioingia, na unaoingia ni kidogo. Ule ukuta wa jirani ni wa matofali matupu, umekaa karibu sana na dirisha, umekuwa mweusi kwa mvua. Mchana lazima niwashe taa. Bado nafikiria. Nipe muda.

Kitanda ni futi tatu kwa sita. Nimepima kwa futi ya chuma.

Mwanao


12 Desemba

Mwanangu,

Nilijua. Hata sina raha ya kukwambia nilijua. Huku tuko hivyo hivyo, Chiriku amefunga shule, yuko nyumbani kutwa nzima, na masikio yangu yanafanya kazi ya watu wanne.

Umekiri mwenyewe kuna giza. Miezi nakwambia giza, unanijibu msasa, bawaba, maziwa. Sasa nisikilize. Tundika kioo kikubwa mkabala na dirisha, mwanga uongezeke. Hapana, usitundike, atajiona usiku atadhani kuna mtu. Toa kabati, ndilo linaloziba. Lakini ukitoa kabati nguo ataweka wapi, sakafuni? Acha kabati. Pazia liwe jepesi. Lakini pazia likiwa jepesi yule jirani wa ukutani si atamchungulia? Unaona shida ya hicho chumba, kila unapokishika kinateleza. Mimi mwenyewe kimenichosha na sijawahi kukiingia.

Nimefikiri hivi. Hakuna haraka. Labda tungoje likizo ya katikati ya mwaka. Shule za huko haziendi popote. Wewe utakuwa umekitengeneza vizuri, na mtoto atakuwa ameongeza akili kidogo.

Godoro nimeshalishona, nimempa yule yule dereva, safari hii halitaingia mfukoni. Ni sufi safi nimeichambua kwa mkono, hakuna mbegu hata moja. Nimepima kwa mkono wangu kama ninavyopima siku zote, hizo futi za chuma ni mambo yenu. Usilianike jua kali. Usilipige kwa fimbo kama mwizi, liguse guse tu.

Mama yako


20 Desemba

Mama, shikamoo. Mimi mzima, shangazi mpe salamu zake. Leo salamu zinatosha.

Godoro limefika. Dereva amelishusha kwa kulisukuma kwa mguu. Mlangoni liligoma, tukalikunja, likakunjuka, likamwangusha seremala aliyekuwa amekuja kusaidia. Alipoinuka akaniuliza, "Fundi, umeoa na hukutualika?" Maana kila mtu mwenye macho anaona godoro lile ni la watu wawili. Futi tano, mama. Nilikuandikia tatu. Umeshona magodoro tangu sijazaliwa, mkono wako haujawahi kukosea hata upana wa kidole, wateja wanakusifia kwa hilo. Leo umekosea futi mbili nzima, kwa mjukuu mwembamba kama ufagio?

Sikuuliza zaidi. Nimechukua mbao za jukwaa, nikaongeza kitanda. Kitanda sasa kinatoka ukuta hadi ukuta, na kabati imebidi nilitoe. Nguo nimemwekea kwenye rafu juu ya mlango. Ajabu ni kwamba kabati lilipotoka chumba kilipumua. Sifa hiyo ni yako, ingawa umeipata kwa njia ya kunivunja mgongo.

Lakini giza lilibaki, na sitaki tena kuandikiwa habari za giza. Nikaenda kwa jirani. Ni mzee fundi saa, anaishi peke yake, hapendi watu. Nikamwomba aniruhusu niupake ukuta wake, ule unaotazama dirisha langu, kwa rangi yangu na mikono yangu, uwe mweupe, uturushie mwanga ndani. Akasema, "Leo nikuachie upake ukuta wangu, kesho utaniambia nyumba ni yako." Akafunga mlango. Nikarudi. Akafunga. Nikarudi tena, sasa akauliza chumba ni cha nani. Nikasema ni cha binti yangu. Akaniuliza mbona hajawahi kumwona.

Mama, nilisimama pale naikung'uta brashi isiyo na rangi. Akaniangalia sana. Halafu akasema, haya paka, na mlango wangu upake bluu.

Kichochoro kilicho kati ya nyumba zetu ni chembamba, niliingia kwa ubavu kama barua inavyoingia kwenye bahasha. Nilifunga brashi kwenye fito nikafika juu. Nikapaka rangi ya mafuta, nyeupe inayong'aa. Ilipokauka niliingia chumbani nikafungua dirisha, na taa sikuigusa. Nilikaa kwenye godoro lako la futi tano mchana kweupe nikasoma barua zako zote, na maandishi yako unayajua yalivyo.

Chumba kimekwisha. Kina mwanga, kimetulia, hakina ndoo, hakina msumeno, hakina kabati, hakina kuku. Hakuna katikati ya mwaka. Tarehe tano Januari nakuja kumchukua mwanangu. Kama kuna kitu kingine, siyo rangi wala pazia, kitu ambacho hukuniandikia, niambie basi. Umenizungusha hadi nimepaka nyumba ya mtu mwingine.

Mwanao


30 Desemba

Mama, shikamoo.

Hujajibu. Simu anapokea shangazi, ananiambia upo, unashona. Nikimwambia akupe, anasema unashona. Nikauliza unashona nini muda wote huu, akasema hata yeye angependa kujua, maana mbele yako hakuna godoro.

Tarehe tano iko pale pale. Nitakuja na basi la asubuhi.

Mwanao


2 Januari

Mwanangu,

Njoo.

Najua nimechelewa kujibu, usianze. Nilikuwa na kazi. Shangazi yako anasema nini kuhusu kazi yangu, yeye na sindano wapi na wapi.

Ile barua yako ndefu dereva aliileta nikiwa nimezama kwenye sufi mpaka viwiko. Siku zote barua zako nazisoma mimi, Chiriku namsomea salamu. Siku hiyo mikono yangu ilikuwa haifai, akaichukua yeye, akaanza kusoma kwa sauti, pale pale, shangazi yako amekaa anatikisa fimbo. Nilimwambia aningoje ninawe. Unamjua akishaanza.

Kwenye godoro walicheka wote wawili, shangazi yako alicheka mpaka akashika goti. Nikasema sawa, chekeni. Kufika kwenye ule ukuta, akaacha kusoma. Akanyamaza. Mwanangu, huyu mtoto hajanyamaza tangu ameota meno. Nikadhani amekwama kwenye neno, nikamwambia lipite. Akaniuliza, "Bibi, baba ameupaka ukuta wa mtu mwingine?" Nikasema ndiyo. "Ili mimi nipate kuona?" Nikasema ndiyo, ndivyo ilivyoandikwa.

Akaiweka barua. Akaenda akavuta lile begi lake la shule, akaanza kutia nguo, bila kuzikunja, kama anakimbia moto. Nikamfuata nikamwambia tarehe bado. Akaendelea kutia. Nikazitoa nikazikunja, tukazitia upya. Kila nikikunja moja anaweka na nyingine juu, na kidoli, na kile kikombe chake chenye mpini uliovunjika. Begi lilipojaa akafunga zipu, akaniangalia, akauliza, "Na zako umetia wapi?"

Nikamwambia mimi nina wateja. Akasema lakini godoro ni la wawili, baba ameandika. Nikamwambia baba yako hajui kupima. Naomba usinijibu chochote kuhusu hilo, wala ukija usiniangalie kwa yale macho yako ya kuuliza.

Njoo na shuka zito, kwenye basi asubuhi kuna baridi. Na usikae naye dirishani.

Mama yako


25 Januari

Mama, shikamoo.

Sisi wazima. Chiriku mzima kupita kiasi. Najua ulitaka nikuandikie tulipofika tu, lakini nilikuwa sijapata nafasi ya kumaliza sentensi. Anaanza kuongea kabla hajavua ndala. Kazini sasa naenda kupumzisha masikio, na jukwaani wenzangu wananiuliza mbona nacheka peke yangu.

Shule ameingia. Mwalimu wake ameshanihurumia.

Alipokiingia chumba mara ya kwanza alisimama mlangoni. Niliogopa kuliko siku niliyofanya mtihani wa ufundi. Alipanda kitandani moja kwa moja mpaka dirishani, akapitisha mkono, akaugusa ule ukuta wa jirani. Akasema, "Umekauka." Basi. Nikajibu ndiyo, umekauka. Halafu akaketi hapo hapo kitandani akaanza kunihadithia safari niliyosafiri naye.

Yule mzee fundi saa anamsalimia kupitia kichochoroni. Kila asubuhi Chiriku anafungua dirisha, anamwuliza saa ngapi, na mzee anamjibu, mzee yule yule aliyenifungia mlango mara mbili. Anasema hajawahi kuulizwa saa na mtu asiye na haraka.

Siku za mwanzo aliwahi kuamka analia. Nilisimama pale sijui nifanye nini, nikataka kuwasha taa, nikataka kumletea maji. Halafu nikakumbuka. Nikamshika mgongo, taratibu, nikangoja. Alinyamaza mwenyewe kama ulivyosema. Asubuhi akaniambia nina mkono mkavu kama wa mamba, siyo kama wa Bibi. Lakini hajalia tena.

Kuna jambo dogo. Analala upande wa dirisha, amejibana kwenye ukuta kama amewekwa na gundi, na ule upande wa mlango uko mtupu. Nilimwambia alale katikati ajinyooshe. Akasema hapo ni pa Bibi. Nilijaribu kuweka mto pale, akautoa. Kwa kweli chumba ni kidogo na kitanda kinakula nafasi yote, hata meza ya kusomea sina pa kuiweka. Seremala anasema anaweza kukata kitanda kirudi futi tatu, na godoro atalikata hapo hapo kwa kisu, anishonee na uzi wa nailoni. Nimwambie afanye?

Mwanao


9 Februari

Mwanangu,

Seremala asiguse godoro langu. Kisu? Uzi wa nailoni? Mwambie nimesema akae na mbao zake. Kama alishachomoa hicho kisu, akirudishe.

Salamu nimezipata na nimezisoma zote mwenyewe. Shangazi yako anawasalimu, goti limepona, sasa amekosa cha kulalamikia ananilalamikia mimi. Nashukuru kwa habari ya mgongo. Sitasema zaidi juu ya hilo, ila jipake mafuta mikononi, huyo ni mtoto siyo ukuta.

Nikuambie habari za huku kwenye chumba chake. Nimekusumbua miezi kuhusu mwanga na utulivu, basi njoo ukione hiki. Nimekisafisha. Pazia nimelifua. Vidude vyake havipo, madaftari hayapo, lile rundo la nguo kwenye kiti halipo, kwa hiyo jua likichomoza halikuti kizuizi, linaingia mpaka ukuta wa nyuma na kukaa. Kimetulia hadi nasikia sufi ikidondoka. Chumba cha namna hiyo nilikuwa nakutaka ukijenge, na sasa ninacho, na siwezi kukaa humo hata kidogo. Nimeingiza magunia ya sufi ili kijae. Yamejaa, na bado. Nimeweka redio. Redio haiulizi kitu. Juzi nilikaa pale kitandani nachambua sufi, nikajikuta naongea na gunia, na shangazi yako akapita dirishani akaniona. Hakusema kitu. Ujue hali imekuwa mbaya ikiwa shangazi yako hakusema kitu.

Kwa hiyo nimeamua. Godoro kweli ni kubwa, siwezi kukataa, mkono uliteleza. Na kazi niliyoiharibu mimi nitaitengeneza mimi. Nakuja kulipunguza. Wateja nimewaambia, waliokuwa na haraka nimewamalizia, wasio na haraka wangoje. Nimeshatia begini mkasi, uzi wa pamba na ile sindano yangu kubwa ya magodoro. Barakoa yako pia nimeitia, usiseme siivai.

Ila ujue mapema, usije ukaanza kuhesabu. Kupunguza godoro siyo kama kukata shati. Unafumua upande, unatoa sufi, unaianika, unaichambua tena, unapima, unashona, unagusa gusa mpaka ikae sawa. Na ukifanya hayo kwenye godoro ambalo mtu analala kila siku, asubuhi unafumua, jioni inabidi ufunge apate pa kulala. Linachukua muda. Likilaliwa na watu wawili ndiyo kabisa.

Nitavaa gauni la njano, mnione kituoni. Mwambie Chiriku abaki upande wa dirisha.

Mama yako